Nukta Zilizokaa Ng'ambo

Mchora ramani wa ofisi yetu hakuwa mtu wa kufuta, alikuwa mtu wa kukwangua. Akikosea mstari kwenye ile karatasi yake ngumu ya kupitisha mwanga, hagusi ufutio. Anatoa wembe, anauvunja katikati ukiwa bado ndani ya karatasi yake, anashika nusu moja kwa ncha za vidole na kuukwangua wino taratibu mpaka kosa lote ligeuke unga. Kisha anaupuliza unga ule upande wa dirisha, si upande wangu, maana meza yangu ya kupigia chapa ilitazamana na yake, na alikuwa na adabu za namna hiyo. Nimefanya kazi mbele ya mkwaruzo ule miaka mingi. Siku hizi nimechoka, na mengi ya ofisi ile yamenitoka, lakini mkwaruzo ule bado unanijia nikiona mwanamume ananyolewa ndevu barazani.

Hatukumwita kwa jina. Kibiti nzima ilimwita Mchora Ramani. Hata mkewe alipokuja mchana na bakuli lililofunikwa sahani, alisimama mlangoni akauliza kama Mchora Ramani yupo. Mimi alinibandika jina la Bi Chapa, na kwa kuwa alinizidi umri kwa mbali, nililipokea kama nilivyopokea mengine yote ya ofisi ile.

Ofisi yenyewe ilikuwa vyumba viwili vya bati kando ya barabara kuu ya kusini, wakati barabara hiyo ikiwa bado vumbi kiangazi na tope masika. Nje mambo yalikuwa yanabadilika. Ilikuwa ile miaka ya ruksa, mitumba imejaa gulioni, kila mwenye ukuta anatoboa dirisha na kuweka kioski, na neno mwekezaji ndiyo kwanza linaingia midomoni mwa watu. Ndani hakukubadilika kitu. Palinuka amonia ya mashine ya kunakilia ramani, harufu iliyotutoa machozi asubuhi na kutuzoea kufikia adhuhuri, na Mchora Ramani alikaa ameinamia meza yake ya mshazari kama mtu anayesoma duwa ndefu.

Chai hakuinywa mezani. Hakuruhusu kikombe kisogelee kazi yake, hata cha mkuu wa ofisi. Aliinywa kwa kusimama mlangoni, mgongo kwetu, akitazama malori yaliyokwama. Kwa wino alikuwa na mkono wa birika kweli kweli, alikuwa akikamua tone la mwisho la chupa kwa kuilaza juani, lakini chakula hakumnyima mtu. Bakuli la mkewe lilipofunuliwa, tulikula wote, na aliyechelewa aliwekewa.

Jambo moja alilokuwa nalo, na lililowaudhi wengi, ni kwamba hakuamini mdomo wa mtu. Walikuja ndugu wawili wa tumbo moja wakigombea shamba la mikorosho. Kila mmoja akaeleza mpaka unapita wapi, mmoja akiapa, mwingine akilia. Mchora Ramani aliwasikiliza mpaka mwisho, akawapa maji ya kunywa, kisha akawaambia yeye hachori maneno, walete vipimo. Wakaondoka wamenuna pamoja, na nadhani ndiyo mara ya kwanza walikubaliana jambo tangu baba yao afariki.

Sichori maneno. Alilisema hilo karibu kila siku. Alisema pia kwamba wino ukishakauka ni serikali, akimaanisha kuwa mtu afikiri kabla, kwa sababu baadaye hakuna wa kumsikiliza. Ungedhani basi maisha yake mwenyewe yamenyooka. Wapi. Uzio wa nyumba yake ulikuwa umeingia kwa jirani kwa upana wa kitanda, na jirani alipolalamika alimjibu wasubiri siku wapimaji watakapofika. Wapimaji alikuwa akikaa nao chumba kimoja cha ofisi.

Halafu alikuwa anaogopa maji. Alitoka kwenye vilima vya kusini, kwenye mihogo na mawe, na mto kwake ulikuwa kitu cha kukitazama kwa mbali. Tukisafiri kikazi kwenda kusini, pantoni ya Ndundu ilimtesa. Wenzake walishuka garini kupunga upepo, yeye alibaki ndani, macho kafumba, midomo inacheza. Tulimtania sana, hasa mimi, mtoto wa delta. Mtu huyo huyo ndiye aliyeijua delta ya Rufiji mkono kwa mkono. Aliweka picha za anga chini ya kile chombo cha kutazamia kwa macho mawili, kinachoifanya picha bapa ionekane ina vilima na mashimo, akafuata kila mkondo mpaka unapomwaga baharini. Angeweza kukutajia kwa mdomo njia ya kutoka Mbwera hadi bahari kuu bila kukosea kona. Hakuwahi kukanyaga huko hata siku moja.

Ramani iliyoleta mambo iliagizwa na watu wa mradi mmoja kutoka mjini. Walitaka delta yote kwenye karatasi moja: ardhi iko vipi na watu wako wapi, ili mwenye nia ya kuwekeza aone kwa jicho moja. Mchora Ramani aliifurahia kazi ile. Mikoko aliipa kijani kibichi, mpunga manjano, mchanga wa nchi kavu kahawia hafifu. Watu aliwafanya nukta. Kila nukta ilisimama kwa idadi fulani ya watu, na hesabu ilitoka kwenye sensa. Alinionyesha anavyozipanga, moja moja, kwa kalamu nyembamba kuliko sindano, akishikilia pumzi kila anapogusa karatasi.

Hapa lazima niwaeleze habari ya mama yangu.

Mama alilima mpunga delta, kwenye mkono mmoja wa mto upande wa Mbwera. Alikaa huko kwenye dungu, yaani kile kibanda cha miti kilichoinuliwa juu ya nguzo, ambamo watu wa bondeni hukaa msimu mzima wakilinda mpunga usiliwe na ndege, nguruwe na nyani, maji yakijaa yapite chini yao. Mpunga ukishavunwa dungu huachwa, mto ukija unalichukua, na mwaka unaofuata linajengwa jingine. Kwa watu wa kwetu msimu haukwisha kwa kweli. Walitoka dungu hili wakaingia lile. Lakini kwa karatasi za serikali mama alikuwa mkazi wa kijiji cha juu, huku nchi kavu upande wa Ruaruke. Wakati wa operesheni ya kuhamia vijijini walipandishwa wote, wakaambiwa bondeni hakukaliwi tena. Wakakaa juu, wakaona mchanga hauwapi kitu, wakaanza kurudi chini mmoja mmoja, kimya kimya. Tangu hapo, mtu yeyote mwenye kalamu akiuliza unakaa wapi, jibu lilikuwa moja: juu. Tulifundishwa jibu hilo kabla hatujafundishwa kuogelea.

Karani wa sensa alipofika kwa boti alimkuta mama juu ya dungu lake, sufuria motoni, kuku wanachakura chini. Akamuuliza anakaa wapi. Mama akanyoosha mkono ng'ambo, akasema anakaa kule, huku kaja kutembea. Karani akaandika. Mama alinisimulia mwenyewe akicheka mpaka akajishika mbavu, jinsi alivyomweza kijana wa watu. Na si yeye peke yake. Mkono mzima wa mto ulijibu hivyo hivyo.

Kwa hiyo ramani ilipokamilika, nukta zote zilikuwa ng'ambo. Zilijazana nchi kavu zikigusana, na delta ikabaki na rangi zake tu. Picha za anga nazo zilipigwa kiangazi, mpunga umeshavunwa, madungu yameachwa hayatofautiki na vichaka, kwa hiyo hata manjano ya mashamba haikufika kwetu. Ilikuwa ramani nzuri, sitamnyima haki yake. Watu waliingia ofisini kuitazama tu. Nami nikasogea, nikatafuta mkono wa mto wa kwetu. Ulikuwepo, kona zake zote sawasawa. Pembeni yake palikuwa peupe, na kwenye ufunguo wa ramani, kwa mwandiko wake ule ulionyooka kuliko wa mashine yangu, ameandika: nyeupe, hapakaliwi na watu.

Nikamwambia mama yangu anakaa hapo. Akaniuliza karani wa sensa ameandika nini. Nikamweleza habari ya operesheni na hofu za watu, kwamba yale ni maneno tu waliyomjibu karani. Alinisikiliza, akafikiri, akasema yale si maneno tena, yameshajumlishwa. Nilikasirika, na nikakaa kwa siku kadhaa namsalimu nusunusu.

Ramani ikaenda mjini, ikarudi imechapishwa kwenye karatasi ya kung'aa, nakala kwa nakala. Haukupita muda kampuni ikatokea. Ilitaka kulima mpunga kwa mashine, shamba moja kubwa, na mahali ilipopapenda ni pale peupe. Ukaitishwa mkutano Mbwera, na mkuu wetu akaamua mwenye ramani aende akaieleze. Mimi niliambiwa niende kuandika kumbukumbu za mkutano.

Nilimhurumia siku ile. Alikaa chini kabisa kwenye sakafu ya boti, ramani kaikumbatia ndani ya bomba la plastiki, mkono mmoja kashika ukingo mpaka vidole vikapauka. Kila boti ilipokata kona aliuliza, macho yakiwa yamefumbwa, kama upande wa kushoto kuna mkondo mdogo. Nikitazama, upo. Nahodha, ambaye aliujua mto ule tangu utoto, aligeuka akanitazama, mimi nikainua mabega.

Mkutano ulikaa kwenye darasa la shule. Ramani ikatundikwa ubaoni. Mgeni wa kampuni akasema maneno ya ajira na barabara, mkuu wetu akasema ya maendeleo, kisha Mchora Ramani akasimama akaeleza rangi moja baada ya nyingine, na akatulia, maana hapo alikuwa nchi kavu na kwenye kazi yake. Watu waliuliza machache. Ndipo mama yangu akasimama nyuma, akajifunga kanga vizuri, akaja mpaka mbele.

Alimwomba Mchora Ramani amwonyeshe walipo. Akamwonyesha shule. Akamwomba amwonyeshe mkono wa mto wa kwetu. Akaufuata kwa kidole mpaka kwenye kona yenyewe.

"Haya," mama akasema. "Na dungu langu?"

"Wewe unakaa juu, mama. Umeandikwa huko."

"Kasema nani?"

"Umesema mwenyewe."

Wengi mle ndani walisema vile vile na walijua. Mama aliitazama ile sehemu nyeupe kwa muda, akiwa karibu nayo kiasi kwamba pumzi yake ilitikisa karatasi.

"Mie nilisema juu kwa kuogopa kuhamishwa," akasema. "Leo mwanihamisha kwa kuwa nilisema juu. Sasa, baba, nikwambie wapi ndo mniache?"

Nilikuwa na kalamu mkononi tayari kuandika jibu la Mchora Ramani, na kwenye kumbukumbu za mkutano ule, nilizozichapa mwenyewe kesho yake, hapo pana nafasi tupu. Mkuu alidakia akasema suala litafanyiwa kazi. Tulipotoka kwenda kwenye boti, Mchora Ramani alibaki amesimama ukingoni. Nilidhani ni hofu yake ile. Kumbe alikuwa anaomba ruhusa abaki.

Alibaki hadi karibu na mavuno. Ulikuwa msimu wenyewe, mpunga umechanua, madungu yote yamesimama. Mambo ya huko nilisimuliwa na mama. Alisema mwanzoni watu walimkimbia. Wakiona mtumbwi wenye mwanamume aliyeshika dira na kamba ya kupimia, waliteremka madunguni wakajificha mpungani, na moto wakauacha ukiwaka. Ikabidi mama akae mbele ya mtumbwi aite kwa sauti kuwa huyu hahamishi mtu. Alisema pia kwamba mtu yule alitapika kila siku, kila siku, na kila siku akapanda tena mtumbwini. Mama hakuwa mwepesi wa kumsifu mtu. Alisema tu, "Kakonda, lakini kafika."

Aliporudi ofisini alikuwa kapauka kwa mbu na chumvi. Akaichora ramani ya pili kwa muda wake mwenyewe, baada ya saa za kazi. Kila dungu alama yake, na pembeni jina la mwenye shamba, kwa herufi ndogo ndogo. Mama alikuwemo. Nilipoliona jina lake pale kwenye ile kona nililia, na sikuona haya.

Mkuu wa ofisi aliitazama kwa heshima. Hakuwa mtu mbaya. Akasema ni kazi safi, ila takwimu rasmi ni zile za sensa, na ofisi haiwezi kugonga muhuri kwenye watu ambao kwa takwimu hawapo. Akamwambia asubiri sensa nyingine. Mchora Ramani akarudi kwenye meza yake, akaitoa kabatini ile karatasi ya asili ya ramani ya kwanza, akavunja wembe. Alikwangua yale maneno ya kwenye ufunguo, hapakaliwi na watu, herufi moja baada ya nyingine, akapuliza. Nakala zilikuwa zimeshatawanyika mpaka ofisi za mjini. Alijua hilo kuliko mimi.

Yaliyofuata nayaeleza kwa kifupi kwa sababu yananichosha. Kampuni ilipiga vigingi vyake. Ilichimba mfereji kuelekea upande wa bahari, ukachimbwa vibaya, na bahari ilipojaa kwa bamvua ya kwanza ikaleta maji ya chumvi mpaka katikati ya mashamba. Shamba la chini la mama, lile zuri, liliungua. Nilikwenda kuliona. Chumvi ilikuwa imekauka juu ya udongo, na pale palipokuwa peupe kwenye ramani pakawa peupe kweli. Kampuni nayo haikudumu. Ikaondoka bila kuaga, vigingi vikabaki, watu wakavitundikia nyavu. Mama akahamia shamba la juu, jembamba, lililomlisha kwa shida, na hakukubali kutoka. Nilimwomba aje Kibiti kwangu, akaniuliza aje akae kwenye nukta ya nani.

Sisi nasi tulipunguzwa kazini, mimi na Mchora Ramani, kwa wakati mmoja. Ilikuja kompyuta ofisini, ikafunikwa kitambaa cha maua kuzuia vumbi, na tukaambiwa inachora yenyewe na inachapa yenyewe. Alinisaidia kubeba vitu vyangu mpaka barabarani. Yeye alichukua kalamu zake, nyembe, na lile bomba la plastiki lenye ramani ya pili. Hakuna aliyemzuia, maana ramani isiyo na muhuri si mali ya ofisi.

Lile soko huria lililotutoa ndilo lililomlisha. Alifungua kibanda barabarani akiandika mabango ya maduka. Maduka ya Kibiti ya wakati ule, ya dawa, ya vipuri, ya kunyoa, yote yalikuwa na mwandiko mmoja ulionyooka, utadhani yalikuwa ya tajiri mmoja. Baadaye yakaja mashirika na semina zao, na semina zilihitaji michoro: nguzo ndefu na fupi za kuonyesha mavuno, na maduara yaliyokatwa vipande. Alinisimulia siku alipotundika duara la vyanzo vya maji vya kata moja, visima kipande hiki, mto kipande kile. Mzee mmoja akainuka akauliza huo mkate wa kumimina umekatwa na nani, na mbona wa kwao ndio mdogo. Ukumbi ukacheka. Mchora Ramani alisema yeye hakucheka, kwa sababu alipotazama tena aliona kweli mkate umekatwa, na hakuna aliyewauliza wenye njaa wakae upande upi.

Semina nyingine zilimkera. Wataalamu waliwaambia wanakijiji wachore kijiji chao chini, kwa majivu na majani na punje za mahindi, kila mmoja aseme anavyojua. Yeye alilipwa kuinakili kwenye karatasi ngumu ya manila. Aliniambia ni uchafu mtupu, kuku anakuja anakula zahanati. Lakini mara moja nilipita Kibiti uwanjani nikamkuta kapiga magoti peke yake kando ya mchoro kama huo, watu wameshatawanyika kwenda kula, anarudishia punje zilizosogea. Nilipita bila kumsalimu. Nilikuwa bado nina kinyongo, na kinyongo nacho kinachosha.

Sikumwona tena kwa muda mrefu. Nilihamia Ikwiriri kwa biashara ya vitambaa. Pantoni ikaondoka, daraja likajengwa Ndundu, na ikawa mtu anavuka Rufiji bila hata kujua amevuka. Nilipolipita mara ya kwanza nilimkumbuka yeye, nikawaza kwamba sasa angeweza kufumbua macho.

Mama alifariki masika moja, na tulimzika alikotaka, bondeni. Baada ya arobaini nilikuwa Kibiti kwa shughuli zangu, nikasikia Mchora Ramani hatoki ndani. Nikaenda. Mkewe alinipokea, akanikaribisha ukumbini, akanionya nimkaribie mumewe ndipo nizungumze. Alikuwa ameketi mkekani karibu na dirisha. Macho yake yalikuwa na ukungu, yote mawili. Nilimshika mkono nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akanijua kwa sauti.

"Bi Chapa. Mama hajambo? Bado analima?"

Nikamwambia. Akasema inna lillahi. Mkewe alituletea chai, naye akakisogeza kikombe chake mbali na mkeka, mpaka kikafika mlangoni. Nilielewa kwa nini alipomwomba mkewe amletee lile bomba.

Tuliitandaza ramani pamoja, mimi nikaikandamiza pembe kwa viatu vyangu. Karatasi ilikuwa imegeuka rangi ya chai, wino haukutetereka. Hakuhitaji macho. Aliweka kidole Mbwera, akakata kona, akapanda mkono wa mto wa kwetu, akasimama kwenye jina la mama sawasawa kama juu ya kengele ya mlango. Akabaki hapo na kidole chake. Kisha akapapasa mfukoni, akatoa kalamu, ile nyembamba.

"Mmemlaza wapi?"

"Hapajapimwa, mzee."

"Najua. Niambie tu."

Basi nikamwambia. Nikamwambia kutoka dungu la mwisho unafuata ukingo kama unayekwenda baharini, unapita kigingi kimoja cha kampuni chenye nyavu, unafika penye mnazi uliokatika kichwa, halafu unaupa mto mgongo, unapanda kidogo pale maji yasipofika hata bamvua. Aliyarudia maneno yangu chini chini, akiyafuata kwa kidole cha mkono wa kushoto. Akashikilia pumzi kama zamani. Mkono wa kulia ulitetemeka, akaungoja utulie, haukutulia, akagusa karatasi.

Nukta ilianguka katikati ya mto.

"Ni hapo?" akaniuliza.

Niliitazama. Wembe wake ulikuwa palepale mkekani, kwenye karatasi yake, mpya. Nikamfikiria mama juu ya dungu, amenyoosha mkono ng'ambo.

"Hapo hapo, mzee," nikamwambia.

Akaitikia kwa kichwa, akainama, akaupuliza wino ukauke, upande wa dirisha, si upande wangu.